Vyuo Viwili vya Benedict

Jirani yangu Tekla tunamwita Mama Gidion, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ukifika Nangwa ukiulizia mama anayeunga mifupa hata ng'ombe watakuonyesha nyumba yake. Sisemi kwa utani tu. Ng'ombe nao amewaunga, na ndama wangu mmoja alikanyagwa na trekta, akatembea tena kwa mikono ya mama huyo.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake huko juu Mbulu, kabla familia yao haijashuka Hanang kutafuta shamba. Mzee yule alikuwa akichinja mbuzi, anauvunja mguu ukiwa bado ndani ya ngozi, kisha anamfunga binti yake macho kwa kitambaa na kumwambia atafute kwa vidole mahali palipovunjika. Akikosea, hali nyama siku hiyo. Mama Gidion anasema alikosa nyama mwaka mzima, ndipo vidole vyake vikaanza kuona.

Mimi mwenyewe alinitengeneza mkono mwaka nilioanguka na pikipiki. Nilifika kwake nikilia kama mtoto wa chekechea, mimi mwalimu mzima. Akanikalisha, akaushika mkono, akaanza kuniuliza habari za mtihani wa darasa la saba, nani amefaulu, nani amefeli. Mimi nikiulizwa habari za mtihani sijui kunyamaza. Nikiwa katikati ya kumlaumu mwanafunzi mmoja mvivu nikasikia kitu kinagonga ndani ya mkono, ka! Mfupa ulikuwa umerudi mahali pake, na mimi nilikuwa bado sijamaliza kumlaumu yule mtoto.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomtesa. Mzee mmoja mfugaji wa Gehandu, Mbarbaig, aliwahi kumletea kijana wake aliyevunjika paja. Mama Gidion alilifunga vizuri kwa vijiti na ngozi, na mfupa ukashika. Mwaka uliofuata yule kijana akarudi kushukuru, na debe la maziwa, akitembea kwa fimbo. Goti lilikuwa limekataa kukunja. Mfupa ulikuwa umenyooka kama rula na mguu haufai kitu. Mama Gidion alipokea maziwa, akaagana na wageni wake kwa heshima zote, halafu akaingia ndani akalia.

"Mfupa naujua, Mwalimu," aliniambia. "Baada ya mfupa, sijui."

Mwanawe wa pili, Benedict, alikuwa kidato cha pili wakati huo. Alikuja kwangu jioni ileile kuniuliza ni nani anayejua mambo ya baada ya mfupa. Nikamwambia kuna kazi inaitwa fiziotherapia, watu wanaosomea kuvirudisha viungo kwa mikono na mazoezi, na kwamba inasomewa chuo kikuu, si kwa mguu wa mbuzi. Akaniomba niliandike neno lile. Nikaliandika nyuma ya daftari lake la baiolojia, na tangu siku hiyo mtoto yule hakuwa na hadithi nyingine.

Alimaliza kidato cha sita na divisheni ya kwanza. Tuliomba vyuo kwa simu yangu, ile kubwa niliyonunuliwa na mwanangu Evarist, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza changu. Vyuo viwili, kozi ileile: kimoja Moshi, kingine Dar es Salaam. Namba ya simu tuliyojaza ilikuwa ya mama yake, maana yeye hakuwa na simu. Nywila niliiandika mimi kwenye kitabu changu cha sala ili isipotee.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya kusubiri, na kusubiri kwa Benedict kulikuwa ni kubishana. Kwao umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo kila jioni alileta simu ya mama yake kuichaji kwangu, na simu ikiwa inachaji yeye anabishana na nafsi yake. Moshi si mbali, ukipanda basi asubuhi jioni uko Katesh, na likizo hata fupi angekuja kumsaidia mama. Lakini Dar kuna mwalimu aliyemsikia redioni akieleza namna ya kuwanyoosha watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Leo Moshi, kesho Dar, keshokutwa Moshi.

"Njia mbili zilimshinda fisi," nikamwambia.

"Fisi hakuwa na Mwalimu wa kumshauri," akanijibu, mjinga yule, akicheka.

Nilimpenda. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa kuwa nitakayoyasema baadaye yatawafanya watu wafikiri sikumpenda.

Mwishoni mwa Agosti, wakati upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi kutoka mashamba ya alizeti yaliyovunwa, mjukuu wa Mama Gidion akaugua. Alikuwa mtoto wa kaka yake Benedict, Gidion, aliyekuwa akiendesha trekta la watu huko Balangdalalu. Mkewe Gidion, Loveness, alikaa hapa kwa mama mkwe na yule mtoto, Agatha, mwenye miezi mitano. Homa ilianza Jumapili, Jumatatu akawa anapumua kwa shida, wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali Katesh. Walirudi siku hiyohiyo. Loveness alikuwa nyuma ya dereva, amemkumbatia mtoto ndani ya kanga, na kwa namna alivyokaa sote tulijua kabla pikipiki haijasimama.

Sasa inabidi nieleze jambo letu sisi Wairaqw, nalo ni metimani. Nyumba iliyoondokewa na mtoto anyonyaye hujitenga. Watu wake hawashikani mikono na wengine, hawachoti maji mahali pamoja na majirani, moto wao hauombwi, na kitu chao hakivuki mpaka. Inaaminika kwamba kifo cha namna ile kina unyevu, kinapita kwa kugusana, na kinachokitafuta ni mtoto mwingine anyonyaye na mama mjamzito. Zamani ilikuwa miezi mingi. Siku hizi wengi wanaifupisha, na wengine, hasa watu wa dini na waliosoma, wanasema imekwisha.

Mimi nilikuwa wa kwanza kusema imekwisha. Nilifundisha miaka thelathini na miwili, na nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki miaka tisa, na kote huko nimeisema metimani kwa ukali. Nimesimama mbele ya watu nikawaambia kwamba kumkimbia jirani aliyefiwa ni dhambi. Nimewauliza watoto darasani ugonjwa unaambukizwa na nini, wakajibu vijidudu, nikawauliza kijidudu kinajuaje mpaka wa shamba, wakacheka. Benedict alikuwa miongoni mwao.

Mazishi ya Agatha yalikuwa madogo. Katekista alisoma sala akiwa amesimama mbali kuliko kawaida yake. Gidion alifika kutoka Balangdalalu na mafuta ya trekta bado mikononi, akachimba kaburi na mdogo wake. Mimi nilisimama kwenye wigo wa minyaa unaotenganisha mashamba yetu, na nilijiambia nimesimama pale kwa ajili ya kuwaongoza watu wimbo. Mama Gidion mwenyewe ndiye aliyetangaza, kabla mzee yeyote hajafungua kinywa, kwamba nyumba yake inakaa metimani mwezi mzima.

"Mikono yangu inashika watoto wa watu," alisema. "Siwezi kuileta kwao na kitu hiki."

Kwangu, upande wa pili wa minyaa, kulikuwa na mkwe wangu Doris, mke wa Evarist, na mtoto wao Fabiola mwenye wiki saba.

Alhamisi ya wiki ile majina ya waliochaguliwa vyuoni yakatoka. Niliingiza ile nywila kwenye simu yangu, nikaona jina la Benedict mara mbili. Moshi. Dar es Salaam. Nilikimbia mpaka kwenye minyaa na miaka yangu sitini na sita, nikapiga kelele kama mchunga mbuzi.

"Benedict! Umepata vyote viwili!"

Alitoka nje ya boma, akasimama mbali kama inavyotakiwa. Nilimwona akicheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akaziba mdomo kwa mkono. Nyumba ilikuwa na msiba wa siku tatu, naye alikuwa na furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka. Nilimwonea huruma sana.

Nikamweleza utaratibu kwa sauti ya juu. Aliyepata vyuo viwili lazima achague kimoja na kuthibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoijaza. Mwisho ni Jumanne usiku. Asiyethibitisha anahesabiwa hataki, na nafasi zake zote mbili anapewa mwingine.

"Namba imetumwa kwa simu ya mama," nilimwambia. "Isome unitajie, na useme unakwenda wapi. Mengine nitafanya mimi."

Akageuka kuitazama nyumba yao.

"Simu ya mama imezima, Mwalimu. Tangu Jumanne."

"Na ya Gidion?"

"Nayo."

Ijumaa nilizungumza na Mama Gidion mwenyewe. Tulisimama, yeye kwenye mlango wa zizi, mimi kwenye minyaa, tukasemezana kama watu wanaouziana ng'ombe bila kuaminiana. Nilimwambia amtume kijana Katesh, simu ichajiwe dukani, kule nani anamjua?

"Wasiotujua ndio hawawezi kujikinga, Baba Evarist," alisema. "Wewe unaniona nimekaa huku, unamzuia mkwe wako asije. Yule wa Katesh mwenye mtoto mgongoni atajuaje?"

Nilikasirika. Nilimwambia huo ni ujinga, kwamba kijana anapoteza maisha yake kwa sababu ya umeme wa simu, kitu kisichokuwepo hata wakati wa babu zetu. Hakubishana. Aliangalia chini tu, mama aliyemzika mjukuu wiki ileile, na mimi namfokea. Baadaye nilijisikia vibaya, lakini sikurudi kumwomba radhi.

Jumamosi ilikuja pikipiki kutoka mbali, na mama mmoja mgeni amembeba mtoto wa miaka kama sita, mkono umevunjika na kuvimba. Hawakujua habari za msiba. Mama Gidion alitoka mbio, akafika nusu ya uwanja, akajizuia. Nilimwona kwa macho yangu akirudi hatua mbili nyuma na mikono yake ikiwa imenyooshwa mbele. Akawaambia wakae kwangu, akaniambia mimi nitafute vijiti viwili na kitambaa, na kwa sauti tu, kutoka kule alikosimama, akanielekeza namna ya kuufunga mkono ule usicheze mpaka wafike hospitali. "Si hapo, Baba Evarist, chini kidogo. Usikaze. Muulize vidole anavisikia?" Nilifunga. Mtoto alilia lakini alifika Katesh salama. Benedict alikuwa amesimama nyuma ya mama yake muda wote, anaangalia.

Siku ile nilimuuliza kwa mbali: Moshi au Dar? Akasema ameshajua sasa, atanitajia namba ikipatikana. Kwa mara ya kwanza hakuwa na ubishi.

Jumapili nilitoka kanisani mchana. Njia yangu inapita kandokando ya minyaa, na pale penye nguzo ya mpaka, upande wangu, niliona mfuko wa nailoni umefungwa fundo na kuning'inizwa. Ndani yake ilikuwemo simu ndogo ya Mama Gidion. Niliifahamu kwa ile raba ya baiskeli aliyoifungia betri.

Niliinua macho. Mama Gidion alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, mbali, ananitazama. Hakuita. Mwanamke yule aliyesema kitu chao hakivuki mpaka alikuwa amekivusha hatua moja, kwa ajili ya mwanawe, na akaiacha hatua ya pili kwangu. Hakutaka kuniomba, maana ukimwomba mtu kitu kama kile unamnyima nafasi ya kukataa.

Nikapita.

Nilijiambia nakwenda kwanza kumwambia mke wangu. Scolastica alikuwa anapepeta maharage. Nilipomweleza aliacha ungo, akaangalia chumbani alikokuwa Doris na mtoto, kisha akaniambia kwa upole, "Wewe ndiye unayejua mambo ya vijidudu, baba. Mimi sisemi kitu." Angenifokea ningekwenda kuichukua papo hapo, kwa ubishi tu. Lakini aliniachia mwenyewe, na nilipoachiwa mwenyewe nikaona sina kitu ndani.

Ile jioni nilipita tena, nikijifanya natafuta mbuzi. Mfuko ulikuwepo. Jumatatu asubuhi nilipita. Mchana nilipita na nikasimama, nikanyoosha mkono mpaka vidole vikagusa nailoni. Wakati huo nikamsikia Fabiola analia ndani, kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, naye Doris anambembeleza. Nikaurudisha mkono wangu na kuufuta kwenye suruali. Ndiyo, niliufuta. Mimi niliyewauliza watoto kijidudu kinajuaje mpaka wa shamba. Nyani haoni kundule, na mimi langu nililiona siku ile, mchana kweupe, na Mama Gidion yupo mlangoni pake ananiona.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikuipeleka simu ile shuleni, kwenye ofisi ya walimu, ambako kuna umeme na hakuna mtoto anyonyaye. Nilifikiria hivyo dakika ileile ya kwanza, Jumapili. Halafu nikamfikiria mwalimu wa darasa la pili aliye mjamzito. Halafu nikafikiria kwamba nitarudi nyumbani na mikono ileile. Mwoga akitafuta sababu hakosi.

Jumanne niliamka nimeamua. Sikulala vizuri, na alfajiri nilisali, nikasema potelea mbali, nitaichukua, nitaichaji shuleni, nitaoga mtoni kabla ya kurudi, lakini nitaichukua. Jua lilipochomoza nilikuwa kwenye nguzo.

Mfuko haukuwepo.

Niseme ukweli wa nilichosikia moyoni. Nilifurahi. Nilisimama pale mbele ya nguzo tupu nikapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikajiambia wamepata njia nyingine, Gidion kijana mjanja, pengine ameshaipeleka mahali. Ningeweza kuita. Ilikuwa ni kupaza sauti tu, "Benedict, vipi ile namba?" Sikuita. Nilirudi kunywa uji, na siku nzima ya Jumanne nilikaa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe ambao haukuhitajika.

Jumatano niliingiza nywila. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwombaji hakuthibitisha. Awamu ya pili ilipofunguliwa, kozi ile ilikuwa imejaa Moshi na imejaa Dar. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyaona kwenye ukingo wa mtungi siku mbili nzima.

Mwezi ulipokwisha walinyoa nywele, wakafagia nyumba na uwanja, wazee wakawafungulia. Mama Gidion alikuja kwangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kutukanwa. Alimsalimia Scolastica, akamwamkua mama yangu mzee tunayeishi naye, "Shikamoo, mama," akaniuliza habari za mkono wangu wakati wa baridi. Kisha akaomba kumwona mtoto. Alimshika Fabiola kwa mikono yote miwili, akamkunja magoti na kumnyoosha, akasema nyonga zake nzuri, atatembea mapema. Akanitupia macho mara moja tu. Sikuona hasira ndani yake. Ningeiona ningejua la kufanya.

Watoto waliovunjika wakaanza kuletwa tena. Loveness alirudi kwao kupumzika, kisha akamfuata mumewe Balangdalalu. Mwaka uliofuata nilimsukuma Benedict aombe tena, nikakaa naye kwenye kibaraza kilekile. Tukaomba vyuo vyote viwili, na hakuchaguliwa hata kimoja; waliofaulu zaidi yake walikuwa wengi mwaka ule, basi. Hakubishana na nafsi yake wakati wa kusubiri. Alikuja kuchaji simu, akakaa kimya, akaondoka nayo.

Gidion akamtafutia kazi kule kule Balangdalalu, ya kulima kwa trekta. Nilisikia kwa mke wangu kwamba anaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa na lile jambo mwaka mzima na zaidi, sijamwambia hata padri. Nilijua mama yake aliniona. Nilichokuwa sijui ni kama mwanawe anajua. Kila aliponiamkia nilisikiliza sauti yake kama daktari anavyosikiliza kifua.

Alikuja kuniaga asubuhi, amevaa koti la kaka yake.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Benedict. Unaondoka kweli?"

"Naondoka. Kaka anasema msimu ukianza hakuna kulala."

Fabiola alikuwa anazunguka uwanjani, ameshaanza kukimbia na kuanguka. Benedict alimwinua, akampakata, na vidole vyake bila yeye kufikiri vikaanza kuyakagua yale magoti, kama vya mama yake. Nikashindwa kujizuia.

"Siku ile," nikamuuliza, "ungechagua kipi?"

Alijua siku gani. Hakuuliza.

"Moshi," akasema. "Niliamua siku ya yule mtoto wa mkono. Nilimwona mama anavyokuelekeza. Nikasema chuo hakina mambo haya, haya yako hapa, lazima niwe karibu nirudi kila likizo anifundishe. Halafu na mimi nimfundishe yale ya baada ya mfupa." Akacheka kidogo. "Basi."

Nilitaka aishie hapo. Hakuishia hapo.

"Mwalimu, kuna kitu sijakuambia. Mama aliivusha simu. Aliitundika kwenye nguzo upande wako, hakuniambia. Niliiona Jumatatu jioni nikiwarudisha ndama. Nikaiondoa."

"Uliiondoa wewe?"

"Mimi. Nilimuuliza mama kama Mwalimu ameshapita. Akasema bado, hajapita." Alikuwa anamtazama mtoto, hanitazami mimi. "Nikashukuru Mungu. Kwa sababu nilijua ukiiona tu utaichukua. Wewe huogopi mambo hayo, ulitufundisha tangu darasa la nne. Ungeichukua, ungeiingiza ndani, na huyu yuko ndani, ana wiki saba. Sijui kama ni kweli au si kweli, Mwalimu. Lakini kama lingempata jambo, mimi kule Moshi ningemshika mtoto wa mtu vipi?"

Nilipita mara nne. Mama yake alinihesabu nikipita, mara ya nne akaniona nikifuta mkono kwenye suruali, na mwanawe alipomuuliza akasema hajapita.

Sasa hivi naandika haya, maneno ninayo yote. Siku ile nilikuwa nayo pia. Kinywa kilikuwa kimefunguka, na kijana alikuwa amesimama mbele yangu amempakata mjukuu wangu, ananingoja niseme.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ningeichukua."

"Najua, Mwalimu," akasema, akanirudishia mtoto.